Nani Hulipia Zawadi ya Mwenye Kadi?

Miongoni mwa hila zote ambazo mabenki ya Marekani yamezibuni ili kumfanya mtu alipende deni, hakuna iliyofaulu kama ile ya kumrudishia mnunuzi sehemu ndogo ya fedha alizotumia. Mtu huingia dukani, hununua mkate, maziwa na sabuni, hulipa kwa kadi ya mkopo, na mwisho wa mwezi benki humwandikia kwamba amejipatia dola kadhaa. Asilimia moja, asilimia mbili, mara nyingine tano au sita. Mnunuzi hufurahi, kwa kuwa aona amelipwa kwa kula chakula chake mwenyewe. Washauri wa mambo ya fedha humsifu kuwa ni mtu mwerevu, na humfundisha kubeba kadi tatu au nne mfukoni, hii ya petroli, hii ya chakula, hii ya nauli, ili asipoteze hata senti moja ya neema hiyo.

Swali ambalo washauri hao hawapendi kuliuliza ni jepesi, na mtoto wa darasa la tatu angeliuliza bila kusitasita: fedha hizo zinatoka wapi? Benki haina shamba. Haina ng'ombe wa kukamua wala mgodi wa kuchimba. Kila dola inayoitoa kwa mkono wa kulia imeipokea kwa mkono wa kushoto, na aliyeitoa dola hiyo hana budi kuwa mtu fulani mwenye jina na familia.

Yafaa basi mambo yaelezwe kama yalivyo. Mteja anapolipa dola 100 kwa kadi ya mkopo, mwenye duka hapokei dola 100. Hukatwa kiasi ambacho mara nyingi huwa kati ya dola moja na nusu na dola tatu na nusu. Sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi; inayobaki hugawanywa kati ya mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, na benki inayomhudumia mwenye duka. Tena kadi zenye zawadi nono ndizo zenye makato makubwa zaidi. Mwenye duka hapewi nafasi ya kuchagua. Kwa miaka mingi kanuni za mitandao hiyo zimemlazimisha anayepokea kadi moja ya mkopo yenye nembo yao azipokee zote, ya kabwela na ya tajiri, ya makato madogo na ya makato makubwa. Na katika mwezi wa Juni 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kampuni ya American Express ina haki ya kumkataza mwenye duka asimshawishi mteja atumie kadi nyingine iliyo nafuu.

Mwenye duka naye si mtawa. Akikatwa hujirudishia kwa kupandisha bei, na bei ikipanda humpandia kila mtu: daktari mwenye kadi ya dhahabu na mfagiaji wa ofisi yake mwenye noti iliyokunjwa kiganjani. Wote wawili hulipa bei ileile kwa mkate uleule. Tofauti ni kwamba mwisho wa mwezi daktari hurudishiwa sehemu yake, na mfagiaji harudishiwi kitu. Kwa maneno mengine, mfagiaji amemchangia daktari kununua mkate. Hakuombwa, hakuarifiwa, wala hakushukuriwa.

Hili si jambo la kubuni la watu wenye chuki na mabenki. Mwaka 2010, wataalamu watatu wa uchumi, Scott Schuh, Oz Shy na Joanna Stavins, walitoa uchunguzi chini ya tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani yenyewe. Waligundua kwamba, kwa wastani, kila kaya iliyokuwa ikilipa kwa fedha taslimu ilizichangia kaya zenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kila kaya yenye kadi ilipokea dola 1,133. Walipozipanga kaya kwa kipato, sura ya mambo ikawa mbaya zaidi. Kaya yenye kipato cha dola 20,000 au chini ya hapo ilipoteza dola 21 kila mwaka. Kaya yenye kipato cha dola 150,000 au zaidi ilipata dola 750. Wakubwa wa nchi ile hupenda sana kulalamika kila serikali inapotaka kuwatoza matajiri kodi ili kuwasaidia maskini. Hapa kuna kodi inayotozwa maskini ili kuwasaidia matajiri, hukusanywa kila siku kwenye kila kaunta, na hakuna bunge lililoipitisha.

Ni kina nani hao wasio na kadi? Kwa hesabu ya mwaka 2023 ya shirika la serikali linalodhamini amana za mabenki ya Marekani, kaya zipatazo milioni 5.6 hazikuwa na akaunti ya benki hata moja. Juu yao wapo wengine wengi wenye akaunti lakini benki imewakatalia kadi ya mkopo, au imewapa kadi isiyo na zawadi yoyote, kwa sababu kipato chao ni kidogo au waliwahi kuchelewa kulipa. Mlango wa zawadi una bawabu, na bawabu huyo huangalia viatu.

Historia ya jambo hili ina mafunzo. Mwezi wa Septemba 1958, Bank of America iliwatumia wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi za mkopo kwa njia ya posta. Hakuna aliyeziomba. Mtu alifungua bahasha na kukuta humo ruhusa ya kukopa. Mtindo huo ulienea, ukazaa wizi na madeni yasiyolipika, hata Bunge la Marekani likaupiga marufuku mwaka 1970. Lakini wakati huo mbegu ilikuwa imekwisha ota.

Kilichobaki kikwazo ni sheria za majimbo zilizoweka kikomo cha riba. Minnesota, kwa mfano, haikuruhusu riba ya kadi ipite asilimia 12. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua kwamba benki ya Omaha, katika jimbo la Nebraska, yaweza kuwatoza watu wa Minnesota riba inayoruhusiwa Nebraska, ambako kikomo kilifika asilimia 18. Hukumu hiyo ilifungua lango. Benki ilichohitaji sasa ni kutafuta jimbo moja tu lenye serikali iliyo tayari kufuta kikomo chake, kisha kuhamishia ofisi huko. Jimbo la South Dakota lilikifuta mwaka 1980, na mwaka uliofuata Citibank ikahamishia shughuli zake za kadi Sioux Falls. Sheria ya jimbo moja lenye watu wachache ikawa ndiyo sheria ya riba kwa taifa zima. Walipiga kura watu wa South Dakota, wakalipa watu wa New York.

Ni katika hali hiyo ndipo zawadi ya kurudishiwa fedha ilipozaliwa. Kampuni ya maduka ya Sears ilianzisha kadi ya Discover mwaka 1985, na mwaka 1986 ikaitangaza nchi nzima kwa tangazo la televisheni wakati wa fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani. Ilikuwa haina ada ya mwaka na ilirudisha hadi asilimia moja. Mtu mwenye akili ya biashara hatashangaa kwamba ukarimu huu ulikuja baada ya kikomo cha riba kuvunjwa na si kabla yake. Mwindaji huweka chambo pale ambapo mtego umekwisha tegwa.

Kwani makato ya dukani ni mfereji mmoja tu. Mfereji wa pili ni riba, na huo ndio mpana. Katika miaka ya 2023 na 2024 wastani wa riba ya kadi za mkopo nchini Marekani ulipita asilimia 21 kwa mwaka, na katikati ya mwaka 2023 jumla ya deni la kadi za Wamarekani ilivuka dola trilioni moja. Wanaolipa riba hiyo ni wale ambao mwezi umewashinda: mtoto aliugua, gari liliharibika, saa za kazi zilipunguzwa. Ajabu ni jina ambalo watu wa biashara hiyo humpa mteja anayelipa deni lake lote kila mwezi bila kuchelewa. Katika lugha yao ya ofisini humwita kwa neno lilelile ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kumdharau mtu asiyelipa madeni. Mlipaji mwaminifu, kwao, ndiye mteja asiyefaa. Hakuna ushahidi mwingine unaohitajika juu ya nia ya mabwana hawa.

Watetezi wa kadi watajibu kwamba mtu mwenye nidhamu hupata faida ya kweli, na kwamba si haki kumlaumu kwa uzembe wa wengine. Jibu lao lina ukweli nusu, na nusu hiyo yafaa ikubaliwe. Mtu anayelipa deni lote kabla ya siku ya mwisho halipi riba hata senti moja, na zawadi yake ni fedha halali mkononi. Mwanafunzi au mfanyakazi kutoka Afrika ya Mashariki anayeishi Ohio au Texas, ambaye bei za madukani zimekwisha pandishwa hata hivyo, hana sababu ya kukataa asilimia mbili akizipewa. Lakini na aifanye hesabu mwenyewe, asiwaachie watangazaji wamfanyie.

Hesabu ya kwanza ni ya deni. Mtu anayetumia dola 1,000 kwa mwezi, kwa kadi inayorudisha asilimia mbili, atapata dola 240 kwa mwaka. Akibaki na deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 21, riba yake kwa mwaka ni dola 630. Ili zawadi ya asilimia mbili ilingane na riba hiyo, ingempasa anunue vitu vya dola 31,500! Na benki haitamwambia alipe haraka. Mara nyingi itamdai kiasi cha chini kabisa, ambacho kwa kawaida ni asilimia moja ya deni pamoja na riba ya mwezi: katika mfano huu dola 82 na nusu, ambazo 52 na nusu ni riba tupu. Ubaya haukomei hapo. Aliyebakiza deni kwa kawaida hupoteza zile siku za kununua bila riba, kwa hiyo hata mkate alioununua leo asubuhi huanza kuzaa riba leo hiihii. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna kadi nzuri wala kadi mbaya ya zawadi. Kadi inayomfaa ni ile yenye riba ndogo kuliko zote, na afadhali zaidi aifungie kabatini.

Hesabu ya pili ni ya ada. Kuna kadi zinazojigamba kurudisha asilimia sita ya manunuzi ya chakula, mpaka dola 6,000 kwa mwaka, lakini hutoza ada ya dola 95 kila mwaka. Zipo nyingine zisizo na ada zinazorudisha asilimia tatu. Tofauti ni asilimia tatu, na ili tofauti hiyo ifidie ada lazima kaya itumie kwenye chakula dola zipatazo 3,167 kwa mwaka, yaani kama 264 kwa mwezi. Familia yenye watoto wanne yaweza kufika hapo bila taabu. Kijana anayeishi peke yake na kula kazini atakuwa anailipa benki ili imzawadie.

Kuna pia zile kadi za asilimia tano zinazobadilisha aina ya bidhaa kila miezi mitatu: mara petroli, mara mikahawa, mara maduka ya dawa. Kikomo chake cha kawaida ni manunuzi ya dola 1,500 kwa miezi hiyo mitatu, kwa hiyo zawadi kubwa kabisa ni dola 75. Tena mteja lazima ajiandikishe upya kila kipindi. Akisahau hupata asilimia moja tu. Benki inajua fika kwamba wengi watasahau. Kadi moja isiyo na ada, inayorudisha asilimia mbili kwa kila kitu, humwacha mtu akiwa na akili yake kwa mambo mengine.

Na Mtanzania anayerudi nyumbani likizo na kadi yake ya Marekani aitazame vizuri kabla ya kulipia hoteli Moshi au Bagamoyo. Kadi nyingi za nchi ile hutoza karibu asilimia tatu kwa kila malipo ya nje. Atakayefurahia asilimia mbili za zawadi atakuwa amekwisha toa tatu. Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ni balaa kubwa zaidi, kwa kuwa riba huanza siku ileile, na ada hukatwa juu yake.

Hata hivyo, nidhamu yenyewe si ngao kamili kama watetezi wanavyodai. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester, wa chuo cha MIT, walichapisha matokeo ya mnada wa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa uzamili wa biashara. Baadhi waliambiwa watalipa taslimu, wengine kwa kadi. Wale wa kadi walitaja bei iliyokuwa, kwa wastani, takriban maradufu ya wenzao. Hawa hawakuwa watu wasiojua hesabu. Mkono unaotoa noti huhisi noti inapoondoka. Mkono unaotoa kadi hurudishiwa kadi ileile. Asilimia mbili za zawadi si kitu mbele ya asilimia kumi au ishirini za vitu ambavyo mtu asingevinunua.

Mambo haya hayako mbali na Afrika ya Mashariki kama ramani inavyoonyesha. Kadi zenye nembo za mitandao hiyohiyo zimekwisha fika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nyingi bado ni zile zinazotoa fedha za mwenyewe akaunti, lakini mabenki kadhaa hutoa kadi za mkopo, na mteja wanayemtafuta kwanza ni mwenye mshahara wa uhakika: mwalimu, mhasibu wa halmashauri, muuguzi, karani wa wizara. Mtumishi wa umma wa Tanzania anayekopa kwa kukatwa mshahara hulindwa na kanuni inayotaka abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Deni la kadi huongezeka kidogo kidogo, kaunta hadi kaunta, bila fomu mpya na bila sahihi ya mwajiri. Kina mama wa masoko wamekwisha ipa jina mikopo ya riba ya kutisha inayowaandama. Wameiita kausha damu. Itakuwa kichekesho kama msomi atakayeicheka mikopo hiyo ataipokea ndugu yake kwa sababu tu imekuja ndani ya bahasha nzuri, na ahadi ya kurudishiwa elfu mbili katika kila laki. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakuiona siku ambayo mkopaji angepewa na zawadi ya kuhudhuria matanga yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hivi ndivyo biashara ya kadi ilivyo, wala haiwezi kuwa vinginevyo. Huo ni uongo. Benki Kuu ya Australia ilianza kuyawekea kikomo makato ya benki kwa benki mwaka 2003. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo mwaka 2015: asilimia 0.2 kwa kadi za fedha za mwenyewe, na 0.3 kwa kadi za mkopo. Zawadi zikapungua huko, kama ilivyotazamiwa, na watu wa Paris na Berlin hawajaacha kununua mkate. Marekani yenyewe ilitunga sheria mwaka 2010 ya kudhibiti makato ya kadi za fedha za mwenyewe, lakini kadi za mkopo, ambazo ndizo zenye asali, hazikuguswa.

Mwaka 2022, na tena 2023, Seneta Dick Durbin wa Illinois, wa chama cha Democratic, na Seneta Roger Marshall wa Kansas, wa chama cha Republican, walipeleka muswada wa kuyalazimisha mabenki makubwa kuruhusu mitandao mingine ishindane na Visa na Mastercard katika kupitisha malipo ya mkopo. Mabenki na mashirika ya ndege yaliupinga kwa kuwaonya wananchi kwamba zawadi zao zitatoweka. Katika onyo hilo kulikuwa na kukiri: kwamba zawadi hutoka kwenye makato, na makato hutoka kwenye bei. Mihula yote miwili ya Bunge ilimalizika bila muswada huo kupita, na mfagiaji wa ofisi ya daktari akaendelea kulipa bei ileile ya mkate.